Kila Kitu ni Pampu

Mbukwenyi jamani. Mvua ya kwanza imeshadondoka, vumbi limelowa, kijiji kizima kinanukia udongo, na kwa mkoa wetu huu wa Dodoma wenye msimu mmoja tu wa mvua kila mtu ana haraka kuliko mwenzake. Watu waliokuwa wanakupita bila salamu tangu Mei leo wanakuita mjomba. "Mjomba, ekari zangu tatu tu, kesho asubuhi." Na trekta lenyewe, Massey Ferguson 135, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1964, lipo chini ya mwarobaini linazungusha stata nyee, nyee, nyee, halitaki kuwaka.

Anakuja fundi. Hajashuka hata kwenye bodaboda, mguu mmoja bado uko hewani, keshatoa hukumu: "Bosi, hii pampu."

Hivi kwa nini kila kitu ni pampu? Trekta haliwaki, pampu. Linatoa moshi, pampu. Tairi likipasuka nahisi atainama, atalitazama, atatikisa kichwa na kusema pampu imesukuma sana. Pampu ya CAV ile ya kuzunguka, inayosukuma dizeli kwenye injini, ni kitu cha mwisho kabisa kugusa, tena haifunguliwi juu ya gunia chini ya mti. Vyuma vya ndani vimeachana kwa nafasi ndogo kuliko unywele. Punje moja ya mchanga wa Dodoma ikiingia, umeua kilichokuwa kizima. Injini hutafutwa ugonjwa kuanzia kwenye tangi kuja mbele. Wenzetu wanaanzia kwenye pampu na kuishia kwenye mfuko wako.

Kabla ya spana yoyote, tazama kishikio cha kuzimia. Hili 135 halizimwi kwa ufunguo. Unavuta kishikio, dizeli inakatwa, injini inanyamaza. Usipokirudisha ndani utazungusha stata mpaka betri ilie. Kuna nozeli, zile za kupulizia dizeli kwenye silinda, zimefunguliwa, zikapanda basi kwenda mjini kupimwa, zikarudi, zikafungwa, na muda wote huo kishikio kimetoka nje kama ulimi wa mbuzi mwenye kiu. Halafu waya wake hushika kutu: kwenye dashibodi umesukuma, kule kwenye pampu mkono haujarudi. Mmoja avute na kusukuma, mwingine asimame kando akiutazama ule mkono kwa macho yake. Kazi hiyo haina gharama, labda ndiyo maana haina mashabiki.

Stata isipogeuka kabisa, angalia mkono wa gia nzito na nyepesi. Usipokaa katikati, swichi ya usalama inazuia umeme usifike. Hapo ndipo wajanja wanapochukua bisibisi na kuunganisha stata moja kwa moja. Ndugu yangu, trekta likiwa ndani ya gia litawaka na kuondoka, na wewe umesimama mbele ya tairi la nyuma. Acha. Pima betri: ikiwa imejaa na imepumzika ni volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka, betri imechoka. Ila kabla ya kununua mpya, fungua waya wa hasi pale unapofungwa kwenye bodi, piga msasa mpaka chuma king'ae. Watu wananunua betri kwa ajili ya kutu ya ukubwa wa sarafu.

Sasa tangi. Hapa nina kinyongo. Mfuniko wa tangi ulipotea enzi hizo, na mahali pake pamewekwa gunzi la mahindi lililovikwa mfuko wa rambo. Serikali ilipiga marufuku mifuko hiyo Juni 2019, lakini huo mmoja umepata hifadhi ya kudumu kwenye trekta. Ubaya si sheria tu. Mfuniko halali una kitundu cha kupitisha hewa, dizeli ikishuka hewa inaingia kuziba nafasi. Gunzi halina. Kwa hiyo trekta linawaka vizuri, linalima dakika 20, linaanza kukata pumzi, linazima katikati ya shamba. Ukisubiri kidogo linawaka tena, na wazee wanaanza kuulizana shamba hilo lilikuwa la nani. Chomoa gunzi: ukisikia fyuu, umepata jibu. Hata mfuniko halali hufanya hivyo hivyo kitundu kikizibwa na vumbi.

Na dizeli ya madumu! Dumu lililobeba maji jana leo linabeba dizeli, kisha tunashangaa. Acha dumu litulie usiku kucha, mimina taratibu, na vidole viwili vya chini usivimimine. Usichuje kwa kanga kuukuu. Nyuzi zake ndizo zinazokwenda kuziba filta. Chini ya filta legeza skrubu ya kutolea uchafu, pokea kwenye chupa safi ya maji ya kunywa, weka juani. Maji yatakaa chini, dizeli juu, mpaka wake unauona kama chai ambayo haijakorogwa.

Ukishagusa mfumo huo, au dizeli ikikuishia shambani, injini imevuta upepo na lazima uutoe. Wengi wanatoa nusu. Jaza tangi, fungua bomba lake, rudisha kishikio cha kuzimia ndani. Legeza skrubu ya juu ya filta mizunguko miwili, kisha piga mkono mdogo wa pampu ndogo ya kuvutia, ile iliyofungwa ubavuni mwa injini. Ukiona mkono huo hauna uzito wowote, usiseme imekufa! Kamu ya ndani imeusukuma mpaka mwisho. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena. Endelea mpaka povu liishe na dizeli itoke imenyooka, kaza huku bado unapiga. Nenda kwenye pampu kubwa: skrubu ya ubavuni kwanza, ya juu baadaye, kwa mtindo ule ule. Mwisho legeza nati za mabomba membamba ya chuma yanayoingia kwenye nozeli mbili kati ya tatu, vuta mkono wa mafuta hadi mwisho, zungusha stata isizidi sekunde 15, ipumzishe nusu dakika, rudia. Nati zikianza kutema, kaza. Vidole viwe mbali: dizeli inayotoka kwenye nozeli inatoboa ngozi, na kidonda chake si cha kufunga kitambaa na kurudi kazini.

Kama upepo unarudi kila asubuhi, usitafute panapodondoka dizeli. Kati ya tangi na pampu ndogo dizeli inavutwa, kwa hiyo tundu la hapo linaweza kuingiza hewa bila kudondosha hata tone. Tazama washa za shaba, zile pete bapa za kuziba maungio. Ukikosa mpya, ya zamani ipashe moto mpaka iwe nyekundu, itie majini, italainika. Treni ya umeme imefika Dodoma mwaka 2024, lakini ile washa ya shaba bado "inakuja kutoka Dar, bosi, Jumanne".

Likiwaka, wanakuja wasomaji wa moshi. Kijiji hiki kila mtu anasoma moshi. Mweusi: dizeli ni nyingi au hewa ni kidogo, au umeling'ang'aniza. Plau ya disiki ikizama mno kwenye udongo uliokauka, trekta lolote litafuka. Waingereza walikuja hapo Kongwa mwaka 1947 na mpango wao wa karanga, ardhi ikikauka ikawa saruji, ikawavunjia vyuma, na 1951 mpango ukafutwa. Inua plau kidogo. Kisha fungua lile bakuli la chujio la hewa. Hapa kwetu, msimu wa kulima, linatazamwa kila siku, maana tope la chini linaweza kufinyangia chungu. Safisha, jaza oili mpaka kwenye alama, basi. Kuna wakarimu wanaojaza kupita alama, injini inanyonya ile oili, moshi unakuwa wa bluu, na unaambiwa ringi za pistoni zimekwisha.

Bluu ya kweli ni oili inayoungua, ringi au gaidi za valvu, yaani miongozo yake. Mweupe unaochoma macho ni dizeli isiyoungua. Mweupe kama mvuke, na maji ya rejeta yanapungua, hapo shuku gasketi ya hedi: injini ikiwa baridi fungua mfuniko wa rejeta, washa, tazama. Mapovu yakipanda mfululizo, habari unayo. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, habari ile ile. Lakini oili ikiongezeka kwenye kijiti badala ya kupungua, na inanuka dizeli, usifurahi kwamba trekta linazaa. Mara nyingi ni mpira wa ndani wa ile pampu ndogo umepasuka, dizeli inashukia kwenye oili. Usiendeshe hata ekari moja. Oili nyepesi hivyo inakula beringi za kranki. Naam, hiyo ni pampu. Ila siyo ile aliyoisema.

Likikosa silinda moja, liache lizunguke taratibu, legeza nati za nozeli moja moja. Ukilegeza na mlio ukabadilika, hiyo inafanya kazi. Usipobadilika, ndiyo hiyo. Ukiichomoa, ingiza kidole na njiti ya kiberiti uhakikishe washa ya zamani haijabaki chini ya shimo. Mbili zikipandana, nozeli haikai mahali pake. Nafasi ya valvu za 135 yenye injini ya Perkins ya silinda tatu ni milimita 0.30 injini ikiwa baridi. Kwa fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, siyo kwa kucha.

Na joto, mjomba. Kuna imani hapa kwamba themostati, ile valvu inayozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate joto, ni ya nchi za theluji, kwa hiyo inang'olewa na kutupwa. Bila hiyo injini inafanya kazi ikiwa na ubaridi, slivu, yaani kuta za silinda, zinalika, na mwaka wa pili unauziwa ringi. Itie kwenye sufuria ya maji jikoni, mama akiwa hayupo: maji yakikaribia kuchemka iwe imefunguka. Ikigoma, nunua nyingine. Zile mbegu za nyasi kwenye rejeta zipulize kwa maji kutokea upande wa injini kwenda mbele. Mkanda wa feni ubonyee sentimita 2 kwa kidole gumba. Na maji ya kisima cha chumvi, lile ganda jeupe unaloliona ndani ya birika ndilo linalojipaka ndani ya injini. Badala yake kinga maji ya mvua.

Basi linawaka. Linalima kutwa. Jioni dereva analileta chini ya mwarobaini, anavuta kishikio, injini inanyamaza, anashuka, anajikung'uta vumbi, anakwenda kuoga. Kishikio kimebaki nje.

Saa kumi na mbili asubuhi, nyee, nyee, nyee. Na bodaboda ya fundi hiyo inakuja.