Nukleoli si nukta

Kila mwaka nikiwawekea wanafunzi wangu hapa Moshi ngozi ya kitunguu chini ya hadubini, yenye tone la iodini, hakosi mmoja wa kuuliza: "Mwalimu, haka kadoa ndani ya kiini cha seli ni nini?" Nukleoli, namjibu. Anarudi kwenye daftari, anachora nukta, anaizungushia mstari, anaandika jina. Mchoro huo hupata maksi zote, na mimi nasema unapotosha.

Nukleoli haina utando. Ipo kwa sababu kazi inafanyika hapo: jeni za RNA ya ribosomu, yaani viwanda vidogo vya seli vya kutengeneza protini, zinanakiliwa, protini zinaingia kutoka nje ya kiini, ribosomu changa zinatoka kwenda kumaliziwa. Mwanajenetiki Barbara McClintock alionyesha mwaka 1934 kwamba katika mahindi nukleoli huundwa mahali maalumu kwenye kromosomu ya 6. Mahindi, zao la kila nyumba huku kwetu!

Kinachoachwa kabisa darasani ni ubomoaji. Ribosomu moja ya mmea ina protini 80 hivi, kila moja kwa kiasi chake. Zinazozidi, na zilizokunjwa vibaya, zisipoondolewa zitasongamana. Seli huzibandika ubikwitini, protini ndogo yenye amino asidi 76, kisha proteasomu, mashine ya seli ya kubomoa protini, huzikatakata ili vipande vitumike upya. Ciechanover, Hershko na Rose walipata Nobeli ya kemia mwaka 2004 kwa kuvumbua njia hiyo. Proteasomu zikizuiwa kwa dawa katika seli za binadamu, nukleoli hubadilika umbo na ribosomu hazikamiliki sawasawa. Mimea nayo ina ubikwitini na proteasomu. Kwa hiyo umbo la nukleoli hutegemea pia kinachobomolewa.

Mtoto aliyekulia kihambani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, hashangazwi na hili. Mkungu ukishakatwa, shina la mgomba hukatwakatwa. Lingine analishwa ng'ombe zizini, lingine hubaki chini ya migomba, na samadi hurudi shambani. Nikianzia hapo, darasa zima hunifuata.

Siku hizi nawaambia wachore nukleoli kwa mstari wa nukta nukta, wenye mishale ya kuingia, ya kutoka, na mmoja wa kwenda kwenye proteasomu. Mchoro wa mtihani, ule wa nukta, wanauchora ukurasa wa pili, kwa sababu sitaki wapoteze maksi.