Nundu ya Jumanne

Jumanne jioni, nikiteremka kwenye daladala pale Kimara Mwisho, paji langu lilikutana na ukingo wa juu wa mlango kwa kishindo ambacho hata abiria wa kiti cha nyuma walikisikia, wakanipa pole kwa pamoja kama kwaya. Magari yale madogo yalitengenezwa kwa ajili ya watu wafupi au kwa ajili ya mizigo, na mimi, ambaye mama yangu alinizaa mrefu bila kushauriana na kiwanda chochote, nimekuwa nikiingia na kutoka humo nimeinama kwa miaka 11 pasipo ajali. Siku hiyo niliinuka mapema. Konda aligeuka haraka, akaupapasa mlango, akaridhika kwamba haukubonyea, kisha akapiga bati mara mbili na gari likaondoka.

Hadi ninafika nyumbani, nundu ilikuwa imeshafikia yai la kware. Mke wangu aliitazama, akasema, "Pole, Baba Salma. Chumvi iko wapi? Hukuuona ujumbe wangu?" Hapo ndipo wasiwasi uliponiingia, kwa sababu ujumbe niliuona, nikausoma, nikaujibu "sawa", kisha nikausahau kabisa. Mtu aliyegonga kichwa akisahau jambo, suala haliwi la chumvi tena.

Nikajifungia chumbani na simu. Nilisoma kwamba ngozi ya kichwa ina mishipa mingi ya damu na chini yake hakuna nyama bali mfupa, ndiyo maana damu ikivuja kidogo haina pa kwenda isipokuwa kutuna kwa nje, na kwamba nundu yenyewe mara nyingi haina neno. Ningeishia hapo ningelala vizuri, lakini nani aliwahi kuishia hapo? Chini kidogo palikuwa na dalili za mtikisiko wa ubongo: kusahausahau, hasira za karibu, kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu, kutovumilia kelele, kushindwa kufuata mazungumzo marefu. Nilizikagua moja baada ya nyingine nikakuta ninazo zote. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba hata Jumatatu nilikuwa nazo, kwamba hasira za karibu ninazo tangu kabla ya ndoa, na kwamba mazungumzo marefu yamenishinda tangu nilipoanza kuhudhuria vikao vya harusi. Hakuna mtu aliyewahi kunipima nikiwa mzima, ili leo tupate cha kulinganisha.

Nikaendelea kusoma, na hilo ndilo kosa langu la pili baada ya kuinuka mapema. Kumbe kuna damu inayoweza kuvujia ndani, kati ya fuvu na ubongo, ikamwachia mtu saa kadhaa za kujisikia mzima kabisa kabla hali haijabadilika. Nilijichunguza nikajikuta ninajisikia mzima kabisa. Jasho likanitoka. Kichwa kikiuma ni dalili, na kisipouma ni dalili mbaya zaidi. Sasa binadamu ashike lipi?

Simu ilishauri nundu ikandwe kwa kitu cha baridi, wala si kwa maji ya moto kama alivyokuwa akitufanyia bibi. Sisi hatuna jokofu, kwa hiyo Salma alitumwa kwa jirani anayeuza barafu, akarudi na barafu mbili za ubuyu, moja akiwa ameshaianza. Ile nzima niliifunga pajini kwa leso, nikazima taa, nikasimama mbele ya kioo na tochi ya simu ili nizipime mboni, ambazo hutakiwa kulingana na kusinyaa zote zinapomulikwa. Ya kushoto ilisinyaa vizuri. Nilipohamia ya kulia nikaona mstari mwekundu ukiteremka kutoka pajini, ukikata nyusi, ukiambaa na pua hadi kwenye mdomo wa juu. Sikupiga kelele kama inavyodaiwa pale mtaani. Niliyaita tu majina ya watoto wangu wote kwa mpangilio wa kuzaliwa. Mke wangu akaja, akawasha taa, akaupitishia mstari ule kidole na kukionja.

"Sukari imezidi," akasema.

Mzee wa nyumba ya pili, aliyezisikia zile zisizo kelele, alikuja kunifariji. "Kule kwetu Mafia kuna bwana mmoja aliangukiwa na nazi," akaanza. "Akainuka, akacheka, akala wali wake, akalala." Kisha akanyamaza.

"Halafu?"

"Ndiyo hivyo tena. Wewe umeshakula, mwanangu?"

Nilikuwa nimeshakula. Wali.

Tuliondoka kwa bodaboda mbili, na siku pekee niliyoitaka kofia ngumu kwa hiari yangu mwenyewe, haikuingia kwa sababu ya nundu. Daktari wa zahanati alikuwa kijana mpole. Alinimulika macho, akaniuliza jina langu, siku na mahali tulipo, akaniambia niminye vidole vyake, kisha akaandika 15. Alinieleza kwamba kipimo hicho cha fahamu kilitungwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1974, kwamba macho yana alama 4, maneno 5 na viungo 6, na kwamba nimezipata zote. Tangu darasa la tatu sijawahi kupata alama zote katika mtihani wowote, nikavimba kifua, mpaka nilipouliza alama ya chini kabisa ni ngapi nikaambiwa ni 3, ambazo hata gogo la mnazi lingezipata bila kusoma.

Nilimtajia maji yanayonitoka puani. Akayatazama, akasema ni mafua. Kwa kuwa sikuzimia wala sikutapika, hakuona haja ya kunipeleka kwenye kipimo cha picha ya kichwa. Alinipa parasetamo, akanikataza aspirini na diklofenaki, akasema nilale nikitaka, kwani ile imani kwamba aliyegonga kichwa asiachwe asinzie imeshapitwa na wakati. Kisha akamwandikia mke wangu karatasi ya dalili za hatari, akamwagiza awe karibu nami kwa saa 48 na aniulize maswali mepesi mara kwa mara, na nikibabaika kujibu nirudishwe haraka.

Mama Salma huwa hasomi hata maelezo ya dawa za watoto, lakini karatasi ile aliisoma mara mbili. Saa nne usiku aliketi ukingoni mwa kitanda, akaishika mkononi.

"Jina lako nani?"

Nikataja.

"Leo siku gani?"

"Jumanne."

"Mshahara wako, baada ya makato, ni shilingi ngapi?"

Nilinyamaza kidogo, si kwa kusahau, bali kwa sababu kiasi anachokijua yeye ni kile cha mwaka 2016, na tangu hapo kimepanda mara mbili bila mimi kupata nafasi nzuri ya kumweleza. Alinitazama mboni ya kushoto, akanitazama ya kulia, akainama kutafuta viatu vyake chini ya kitanda. "Twende, Baba Salma. Daktari alisema ukibabaika turudi."

Nikataja. Akaandika nyuma ya ile karatasi, akapuliza wino, kisha akaniuliza kuhusu posho.