Boubacar Boris Diop na msomaji wa Kiwolofu

Boubacar Boris Diop, mzaliwa wa Dakar wa mwaka 1946, alikwisha kujijengea jina kwa riwaya za Kifaransa alipochapisha riwaya ya Doomi Golo kwa Kiwolofu, lugha ya Senegal, mwaka 2003. Tangu hapo amekuwa mtunzi wa lugha mbili, mfasiri na msimamizi wa mfululizo wa vitabu, na wasomaji wake hawajaafikiana kama hatua hiyo ilikipanua kipaji chake au ilikifungia mahali padogo.

Wanaoitilia shaka wana hoja nzito, wala si haki kuwaona wote kuwa wameelemewa na kasumba ya kikoloni. Kiwolofu huzungumzwa na Wasenegali walio wengi, lakini shule zimejengwa juu ya Kifaransa, hivyo hata msomi aliyekua na Kiwolofu huenda asikisome kwa wepesi. Isitoshe, Diop mwenyewe aliiandika upya Doomi Golo kwa Kifaransa, ikatoka mwaka 2009 kwa jina la Les petits de la guenon, na wahakiki wengi wa nje waliijua kwa njia hiyo. Ikiwa safari ya kuufikia ulimwengu bado inapitia Kifaransa, wanauliza, kulikuwa na haja gani ya kuzunguka?

Nadhani swali hilo linasahau Rwanda. Mwaka 1998 Diop alikwenda huko pamoja na waandishi wengine wa Kiafrika ili kuandika juu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, na riwaya yake Murambi, ya mwaka 2000, ilitokana na ziara hiyo. Aliporudi akiwa ametambua jinsi Ufaransa ilivyouunga mkono utawala wa Habyarimana, rais wa Rwanda hadi 1994, hakuweza tena kukitazama Kifaransa kama chombo tu cha kazi. Tena, katika Doomi Golo zamu zimebadilishwa: msomaji wa Paris ndiye aliyengoja miaka 6 ili asome kile ambacho msomaji wa Dakar alikuwa nacho tayari. Kwangu mimi hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, kazi yake ninayoithamini zaidi ni ile isiyobeba jina lake peke yake. Mwaka 2016 ulianza mfululizo wa Céytu, uliopewa jina la kijiji alikozaliwa mwanahistoria wa Senegal Cheikh Anta Diop, kwa vitabu 3 vilivyofasiriwa kwa Kiwolofu: cha Aimé Césaire, mshairi wa Martinique, alichokifasiri Boris Diop mwenyewe, cha mwandishi Mfaransa Le Clézio, na Une si longue lettre, riwaya ya Msenegali Mariama Bâ. Hoja ya uhaba wa wasomaji huwachukulia wasomaji kama watu waliokwisha kuwapo au kukosekana, ilhali msomaji hulelewa na vitabu, na riwaya moja haitoshi kumlea. Aliyesoma Une si longue lettre kwa Kifaransa akiwa shuleni sasa anaweza kuiweka kando ya tafsiri yake ya Kiwolofu na kujifunza tahajia kwa hadithi anayoijua.

Wapinzani wanabaki na hoja moja ambayo siwezi kuipuuza. Céytu ulizinduliwa na wachapishaji Zulma wa Paris na Mémoire d'encrier wa Montreal, maana yake vitabu vya Kiwolofu vilitegemea fedha na mitambo ya mbali. Diop ameendelea kutunga, akatoa riwaya ya Kiwolofu Bàmmeelu Kocc Barma mwaka 2017, na Tuzo ya Neustadt ya 2022, tuzo ya kimataifa ya fasihi ya Marekani, imelithibitisha jina lake ng'ambo. Lakini kukiingiza Kiwolofu katika ratiba ya darasa ni uamuzi wa serikali ya Senegal, si wa mwandishi.