Kagari kadogo ka fowili ka zamani: angalia chasisi kwanza, injini baadaye

Watu wengi wakienda kukagua gari ya zamani kitu cha kwanza wanafungua boneti. Injini inawashwa, watu wanazunguka, mmoja anatikisa kichwa anasema "mashine imetulia hii", mwingine anachomoa kijiti cha oili anakiangalia kwenye mwanga, basi wameridhika, wanaanza kuvutana bei. Kwa gari ndogo za saluni sawa, sitabisha. Ila kama unatafuta vile vigari vidogo vya fowili (yaani 4WD, vinavyoweza kusukuma matairi yote manne) vya miaka ya 80 na 90, Suzuki, Daihatsu, Lada Niva na jamii hiyo, mi naona boneti ifunguliwe mwisho kabisa, tena ikibidi siku ya pili. Siku ya kwanza vaa nguo chakavu ulale chini ya gari.

Sababu yenyewe ni hivi, injini za hizi gari ni ndogo na za kawaida mno. Ile ya cc 1300 kwenye Suzuki Samurai ni ukoo mmoja na zilizofungwa kwenye Swift za miaka hiyo, ya cc 1600 kwenye Vitara (wengine wanaijua kwa jina la Escudo) ni ndugu yake tu, hazina mambo mengi, fundi na msaidizi wake wanaishusha bila mashine kubwa. Ikifa unatafuta nyingine. Sasa chasisi, ile fremu ya chuma inayobeba bodi na injini, ikioza unatafuta wapi? Hata ukiipata, namba iliyogongwa kwenye chasisi ndiyo hiyo iko kwenye kadi, kwa hiyo ukibadilisha chasisi umebadilisha gari kisheria, na maelezo utakayotoa kwa wahusika ni marefu kuliko safari yoyote utakayofanya nayo. Na hiyo namba uilinganishe na kadi kwa macho yako mwenyewe, usisomewe na dalali.

Kutu ya hizi gari haikai panapoonekana. Mlango wenye kutu usikutishe, mlango unafungwa mwingine. We tafuta pale bodi inapokaa juu ya chasisi, zile nguzo zenye mipira, tope linaganda pale halitoki kwa miaka. Kwenye Vitara nenda nyuma, juu kidogo ya ekseli, mahali mikono ya saspensheni inaposhikwa. Kwenye Samurai na Jimny angalia matao ya bodi juu ya matairi, kingo za chini ya milango, halafu nyanyua kapeti uone sakafu. Kwenye Niva ndio uwe mkali zaidi maana Niva haina chasisi ya peke yake, bodi ndiyo inabeba kila kitu, zile kingo za chini zikiliwa hujanunua gari yenye kutu, umenunua kutu yenye matairi. Chukua bisibisi kubwa, ishike upande wa chuma, gonga na mpini taratibu kuanzia mbele mpaka nyuma huku unasikiliza, chuma kizima kinalia kwa ukali, kilichooza kinajibu pu, na ukisikia pu geuza bisibisi usukume kidogo na ncha (mwombe mwenye gari ruhusa kwanza, akikataa umeshapata jibu). Na ukikuta chini kumepakwa ile dawa nyeusi ya lami, mbichi, inang'aa, uliza ilipakwa lini na kwa nini. Gari ya miaka thelathini isiyo na vumbi chini inanipa wasiwasi kuliko yenye tope.

Jambo la pili watu wanalipita haraka, ni fowili ya namna gani. Neno 4WD nyuma ya gari halikuambii kitu. Suzuki SJ410 iliyotoka 1981 (kaka wa Samurai mwenye injini ndogo zaidi), Samurai, Jimny, Vitara za mwanzo za 1988 na Daihatsu Feroza, hizi kwa kawaida zinasukuma matairi ya nyuma tu, wewe ndio unaziingiza fowili, na zina gia fupi ile ya 4L ambayo gari inapanda mlima kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kuchoma klachi. Niva, iliyoanza kutengenezwa 1977, yenyewe iko fowili muda wote, ina difu ya katikati (inayoruhusu matairi ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti) unayoweza kuifunga na gia fupi pia, kwa enzi yake walikuwa wametuliza akili kweli. RAV4 ya kwanza ya 1994 nayo ya fowili iko hivyo muda wote lakini gia fupi haina, kuna za fowili na kuna za matairi mawili, angalia kama kuna difu nyuma usije ukauziwa sura. Honda CR-V ya kwanza inasubiri tairi la mbele liteleze ndio nyuma iamke. Sio gari mbaya hizo, barabara ya vumbi na utelezi mdogo zinakwenda vizuri na zinakaa barabarani kuliko Samurai, ila mtu anayeenda kwenye tope la kufika kwenye rimu akiulizwa gia fupi iko wapi asiseme hakuambiwa.

Zile za kuingiza fowili mwenyewe hazina difu ya katikati, kwa hiyo kwenye lami kavu zinajikaza, matairi ya mbele na nyuma yanapokata kona hayazunguki sawa na hakuna pa kutolea hiyo tofauti. Usijaribu fowili kwenye lami kumridhisha muuzaji. Tafuta changarawe, ingiza 4H (fowili bila gia fupi), kata stelingi mpaka mwisho uende polepole. Ukiona gari inakuwa nzito, inajivuta kama imeshikwa na mtu nyuma, furahi, fowili inafanya kazi. Ikizunguka laini kama kawaida basi mbele hakuendi kitu, taa ya 4WD kwenye dashibodi iwake isiwake.

Kwenye Jimny iliyotoka 1998 na kuendelea mpaka 2018, ugonjwa huo mara nyingi unaanzia kwenye habu za mbele (vitovu vinavyounganisha tairi na ekseli), maana zinafungwa kwa mvuto wa hewa kupitia vimpira vyembamba, kimpira kikipasuka habu haifungi, unakanyaga mafuta, transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) inazunguka, propela inazunguka, tairi la mbele limetulia tu. Kimpira chenyewe ni kitu kidogo, lakini muuzaji asiyejua anaweza kukwambia fowili imekufa akashusha bei, na hapo sitakufundisha la kumjibu. Kwenye Samurai na ndugu zake angalia nyuma ya tairi la mbele, kuna tufe la chuma, likilowa grisi na oili chafu mpaka inachuruzika ujue sili zimekwisha, halafu beringi za hapo hapo zikilegea utaipata ile tetemeko ya stelingi ukifika mwendo wa kati, mtu anadhani ni balansi ya matairi, anabalansi mara tatu, stelingi bado inacheza. Transfa ya Samurai imejitenga na giaboksi, inaning'inia kwenye mipira yake, mipira ikikatika utasikia mgongano kila ukiachia klachi.

Sasa nifike kwenye kinachoniudhi. Gari zilizonyanyuliwa. Unakuta Samurai nzima, chasisi kavu, kijana kaipandisha juu, kaifunga matairi ya trekta, bampa la chuma la kuvutia meli, taa sita juu ya paa, halafu anauza bei mara mbili anasema imeboreshwa. Gari hii uzuri wake ni wepesi! Kaka yake SJ410 haifiki tani moja, ndio maana kwenye tope inapita juu juu wakati yale madude makubwa yanazama kwa uzito wao, na injini yenyewe ni ya cc 970, ukiifunga matairi makubwa umeiongezea mzigo ambao haikuumbiwa, breki zinachoka, beringi zinaliwa, gia ya juu kabisa inakuwa pambo. Na ni fupi, nyembamba, imesimama. Mwaka 1988 jarida la Consumer Reports la Marekani liliipa Samurai alama ya haifai kwa madai kwamba ni rahisi kupinduka, Suzuki wakaenda mahakamani 1996 na wakaja kumalizana 2004, wabishi wanabishana mpaka leo nani alikuwa sahihi, lakini iwe ilivyotoka kiwandani au vipi, kuipandisha juu zaidi hakuisaidii kona. Mi nikikuta mbili, moja imechoka lakini kila kitu ni cha kiwandani na nyingine imepambwa, ya mapambo hata sifungui mlango.

Injini nimesema mwisho na sina mengi. Kwenye Samurai ya cc 1300 na Vitara ya cc 1600 ulizia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini, kama hakuna anayejua hesabu haujabadilishwa. Iwashe ikiwa baridi, ukikuta muuzaji kaipasha moto kabla hujafika rudi kesho. Angalia rejeta. Matairi yote manne yawe saizi moja, hii kwa fowili ya muda wote sio urembo, matairi yasiyolingana yanaitesa difu ya katikati kila kilomita. Viti vimechanika, redio haiimbi, kioo kinapandishwa kwa mkono, achana navyo, hivyo ni vya kupunguzia bei.

Ukiniuliza mimi ningechukua ipi, kwa mtu mwenye familia na barabara ndefu namwambia Vitara ya milango mitano, kwa mtu wa peke yake mwenye shamba la mbali Jimny ya baada ya 1998 maana ina koili springi na haikukung'uti mgongo kama Samurai. Niva naipenda ila sharti uwe na fundi anayeipenda pia. Na kama ni Vitara yenye chasisi safi inakula oili, nainunua hivyo hivyo, naweka dumu la oili nyuma ya kiti, naanza kuulizia injini taratibu bila haraka.