Umeme hauishii kwenye birika

Nina ugomvi na mfano wa maji ya bomba. Wengi tumefundishwa nao: volteji ni kimo cha tangi, waya ni bomba, mkondo ni maji. Shida ni kwamba bomba la nyumbani lina mwisho. Maji yakishatoka, yamekwenda zake. Mwanafunzi anabaki akiamini kuwa umeme nao unaingia kwenye taa unaisha humo. Mpe taa mbili zilizoungwa kwa mfululizo, atakwambia ya kwanza inapata mkondo mkubwa kuliko ya pili.

Mimi ningeanza na klampu mita, ile ya mafundi yenye taya. Birika la wati 2,000 kwenye volti 230 linavuta karibu ampea 8.7. Bana waya wa moto, unaoleta umeme, peke yake, namba hiyo utaiona. Bana nyutro, waya unaourudisha, ni ileile. Sasa bana zote mbili kwa pamoja: sifuri, kwa kuwa unaokwenda na unaorudi vinalingana na kufutana. Maji yanachemka, yuniti za Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, zinapungua, na hakuna chaji iliyopotea njiani. Kinachobaki kwenye birika ni nishati, na hiyo ndiyo tunayoilipia. Mwanafizikia Kirchhoff aliliweka jambo hili kuwa kanuni mwaka 1845, miaka zaidi ya 50 kabla ya elektroni, chembe zinazobeba chaji kwenye waya, kugunduliwa: mkondo unaoingia kwenye kiungo cha nyaya ndio unaotoka.

Tena elektroni zenyewe hazina haraka. Milimita moja ya ujazo ya shaba ina elektroni huru kama trilioni milioni 85. Kwa wingi huo, ampea moja ya mkondo mnyoofu kwenye waya wa milimita moja ya mraba huzisogeza kama sentimita 26 kwa saa. Konokono anazipita. Kwenye umeme wa majumbani, wa hezi 50, unaogeuza mwelekeo kila mara, hazisafiri kabisa. Zinacheza mbele na nyuma ndani ya nafasi isiyofika hata sehemu ya mia ya milimita. Taa huwaka papo hapo kwa sababu msukumo ndio unaokimbia, siyo elektroni. Kwa hiyo zilizo kwenye birika lako hazikutoka kwenye bwawa la umeme la Kidatu. Zimo humo tangu lilipokuwa dukani.

Anayeona haya ni ya mtihani tu aitazame RCD, ile breka yenye kitufe cha T. Ndani yake waya wa moto na nyutro hupita pamoja kwenye pete moja ya chuma. Mikondo ikilingana, sumaku zake hufutana. Miliampea 30 zikipungua kwenye marejeo, maana yake zimepata njia nyingine ya kwenda ardhini, pengine mwili wa mtoto, na breka inakata ndani ya sekunde 0.3. Breka ya kawaida ya ampea 32 haitashtuka: miliampea 100 zinaweza kumuua mtu, na kwa breka hiyo si kitu.

Halafu mtu anajenga nyumba ya vigae vya bei mbaya, RCD anaiita gharama!

Haikingi kila kitu. Ukishika moto kwa mkono mmoja na nyutro kwa mwingine, umesimama pakavu, kilichotoka kinarudi chote. Kwa RCD wewe ni birika jingine tu. Kama unayo, bonyeza hiyo T mara mojamoja. Isipokata, mwite fundi aibadilishe.