Ndege za Kivita Zinazokwepa Rada: Kinachotolewa na Kinachopatikana

Aprili 1991 Jeshi la Anga la Marekani lilipaswa kuchagua kati ya ndege mbili za majaribio ili kupata ndege yake mpya ya kivita inayokwepa rada. YF-23 ya Northrop na McDonnell Douglas ilikuwa na mabawa yenye umbo la almasi, mikia miwili tu iliyoinamishwa, na njia za kutolea moshi zilizowekwa juu ya mgongo ili joto la injini lisionekane kutoka chini. YF-22 ya Lockheed, Boeing na General Dynamics ilikuwa na mikia minne, pamoja na midomo ya injini (matundu ya kutolea moshi) inayogeuka juu na chini, hivyo iliweza kuinua pua na kujipinda hata ikiwa inakwenda taratibu sana. Wafuatiliaji wengi wa mambo ya anga wanaamini YF-23 ndiyo iliyojificha vizuri zaidi na kukimbia zaidi. Iliyochaguliwa ni YF-22, ambayo baadaye ikawa F-22.

Uamuzi ule unabishaniwa hadi leo, kwa kawaida kama vile ndege moja ilikuwa nzuri na nyingine mbovu. Mimi nadhani ubishi huo umekosa shabaha. Zote mbili zilijengwa kwa masharti yaleyale, na kila timu ilikata mahali tofauti, yaani ilikubali kupoteza kitu tofauti. Katika ndege ya kukwepa rada hakuna kinachopatikana bure, na swali la maana ni kila mhandisi alikata wapi, na kwa nini.

Tuanze na hesabu, kwa sababu ndiyo inayoendesha mambo yote mengine. Umbali ambao rada inaweza kukuona haupungui sawasawa na mwangwi wako, yaani mawimbi ya rada yanayoigonga ndege na kurudi. Unapungua kwa kipeuo cha nne cha mwangwi huo, yaani kipeuo cha pili cha kipeuo cha pili. Chukua rada inayoiona ndege ya kawaida ikiwa kilomita 300. Ukipunguza mwangwi wa ndege hiyo kwa nusu, bado itaonekana ikiwa kilomita 250 hivi. Ukiupunguza kwa asilimia 90, kazi ambayo si ndogo hata kidogo, itaonekana kwenye kilomita 169. Ni mpaka uushushe hadi sehemu moja ya 10,000 ndipo umbali huo unabaki kilomita 30.

Maana yake ni kwamba faida kubwa imekaa mwishoni kabisa mwa safari. Anayeishia nusu ya njia amelipa gharama nyingi na kuvuna kidogo. Na ukishafika huko mwisho, vitu vidogo vinaanza kutawala: ukingo wa mlango wa tairi usiokaa sawa, skrubu iliyochomoza, antena, mapanga ya injini yanayoonekana kupitia tundu la hewa. Ndiyo sababu milango ya ndege hizi ina kingo za meno kama msumeno, njia ya hewa inapindwa ili injini isionekane kutoka mbele, na kioo cha rubani kinapakwa utando mwembamba wa metali ili mawimbi yasiingie ndani na kurudishwa na kiti, vifaa na kofia ya rubani.

Gharama nzito kuliko zote, hata hivyo, imo tumboni. Kombora likining'inizwa chini ya bawa, kazi yote ya umbo inaharibika, kwa hiyo silaha lazima ziingie ndani. Tumbo lenye nafasi ya makombora linanenepesha ndege, unene unaongeza ukinzani wa hewa, na ukinzani unadai injini kubwa inayokula mafuta zaidi. Pamoja na hayo yote idadi ya silaha inabaki ndogo. F-22 inabeba makombora manane ndani: sita ya masafa ya mbali na mawili ya karibu. F-35, ndege ya kukwepa rada iliyokuja baada yake, ilianza na manne tu ya masafa ya mbali. F-15EX, toleo jipya la ndege iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1972 na ambayo haijifichi kabisa, inaweza kubeba 12. Jeshi la Anga la Marekani lilipokea F-15EX ya kwanza mwaka 2021 huku likiendelea kununua F-35. Wanaosema kukwepa rada ni kila kitu wanapaswa kueleza ununuzi huo.

Mafuta nayo yana hadithi ileile. Ndege ya kawaida ikitumwa mbali inafungiwa matangi ya ziada chini ya mabawa. Ndege ya kukwepa rada ikifanya hivyo inajitangaza. Inabaki kutegemea yaliyomo ndani yake, kisha ndege za kujaza mafuta angani. Hizi ni ndege kubwa za asili ya abiria, zinazoonekana kwenye rada kutoka mbali mno, na adui mwenye makombora ya masafa marefu hahitaji kuitafuta ndege iliyojificha. Anaweza kuisukuma nyuma ile inayoinywesha. Sioni udhaifu mkubwa kuliko huu katika kizazi kizima cha F-22 na F-35, na ajabu ni kwamba mijadala mingi huupita na kukimbilia kwenye rangi za kunyonya mawimbi.

F-117, ndege ya Marekani ya kukwepa rada iliyotangulia hizo, ndiyo inayotuonyesha mtu akilipa karibu kila kitu. Nadharia ya jinsi mawimbi yanavyoruka kwenye kingo ilikuwa imeandikwa na Mrusi Pyotr Ufimtsev miaka ya 1960, na wahandisi wa Lockheed wakaigeuza kuwa programu ya kompyuta. Kompyuta za wakati ule hazikuweza kukokotoa miviringo, kwa hiyo ndege ikajengwa kwa vipande bapa vitupu. Ilipoteza kasi, kwani haikuweza kuipita sauti. Haikuwa na rada, kwa sababu rada inayorusha mawimbi inamwonyesha adui ulipo. Ilibeba mabomu mawili tu makubwa, na bila kompyuta za kuiongoza isingeweza kukaa sawa angani. Ijapokuwa ilipewa herufi F ya ndege za kupigana na ndege nyingine, haikuwa na uwezo wa kupigana na ndege yoyote. Mwaka 1991 iliishambulia Baghdad, mji uliokuwa na ulinzi mzito wa anga, na haikupotea hata moja katika vita vile. Aliyeitazama kwa jicho la mpiganaji wa angani aliona chombo dhaifu. Kwa kazi moja iliyojengewa, haikuwa na mpinzani.

Machi 27, 1999, kikosi cha ulinzi wa anga cha Yugoslavia kilichoongozwa na Zoltán Dani kiliitungua F-117 kwa kombora la mfumo wa S-125, ulioundwa enzi za Usovieti na kuanza kutumika miaka ya 1960. Tukio hilo ndilo silaha kuu ya wanaoupinga mkondo huu wote, na hoja yao ina uzito. Rada za mawimbi marefu, ya mita moja na zaidi, hazidanganywi kirahisi na umbo. Wimbi likikaribia ukubwa wa mkia au ncha ya bawa, sehemu hiyo inaitikia nzima nzima, hata kingo zake ziwe zimechongwa vipi. Kwa hiyo ndege iliyoundwa kuzikwepa rada za mawimbi ya sentimita tatu, zile zinazoongoza makombora, inaweza kuonekana kwa rada ya zamani ya kutafutia.

Lakini kuonekana si kutunguliwa. Rada ya mawimbi marefu inajua kuna kitu upande fulani. Mara nyingi haijui kwa usahihi wa kutosha kulipeleka kombora hadi kwenye shabaha. Dani alihitaji nidhamu kali ya kuwasha rada kwa sekunde chache na kuhamahama, na alinufaika na njia za Wamarekani zilizokuwa zimeanza kutabirika. Kwangu mimi, somo la tukio hilo ni kwamba kukwepa rada hununua muda na umbali. Anayeutumia muda huo kuruka njia ileile kila usiku ameupoteza.

F-22 ilijaribu kukataa kuchagua. Ilitaka kujificha pande zote, kuipita sauti bila kuwasha kichomeo cha ziada (kinachochoma mafuta zaidi nyuma ya injini ili kuongeza nguvu), na kujipinda kuliko yeyote. Ikafanikiwa, na malipo yakaja kwa fedha na idadi. Mpango wa mwanzo ulikuwa ndege 750. Zilizojengwa kwa ajili ya vikosi ni 187, na ya mwisho ikatoka kiwandani mwaka 2011. Hata midomo yake bapa ya injini, inayosaidia kuficha mwangwi wa nyuma, ni mizito kuliko ya mviringo. F-35 iliyofuata ikarudi kwenye mdomo wa mviringo wenye meno, ikakubali kuonekana zaidi kwa nyuma ili iwe nyepesi na nafuu kuitengeneza.

F-35 nayo ilikuwa na tatizo lake, na hapa watu wengi huilaumu teknolojia kwa kosa ambalo si lake. Mpango ulitaka ndege moja itumikie Jeshi la Anga, meli za kubeba ndege, na Kikosi cha Marine kilichotaka kutua wima. Mshika mbili moja humponyoka. Hawa walishika tatu. Toleo la kutua wima, F-35B, lina feni kubwa nyuma ya rubani, mahali ambapo F-35A inaweka mafuta. F-35B ina takriban tani sita za mafuta ndani, F-35A zaidi ya tani nane. Mwaka 2004 ilipogundulika kuwa F-35B imezidi uzito kupita kiasi, mradi ulicheleweshwa ili kuipunguza, na tumbo lake la silaha likafupishwa: F-35A inabeba ndani bomu la ratili 2,000, F-35B inaishia ratili 1,000. Feni hiyo ilichangia pia umbo pana la kiwiliwili, ambalo F-35A ilirithi bila kuhitaji kutua wima hata siku moja. Mwaka 2013 utafiti wa RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, ulionyesha kuwa miradi ya pamoja ya ndege za kivita haikuwa na historia ya kuokoa fedha kama ilivyoahidiwa. Mwaka 2016 jenerali aliyeusimamia mradi alikiri kwamba sehemu zinazofanana kati ya matoleo matatu zilikuwa asilimia 20 hadi 25 tu.

Kisha kuna karakana. Rangi na vijazio vinavyonyonya mawimbi ya rada vinaharibika, na kila mlango unaofunguliwa kwa matengenezo lazima urudishwe katika hali yake kwa uangalifu. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani iliripoti kwamba Machi 2023 F-35 zilikuwa tayari kwa kazi kwa asilimia 55 hivi tu. Sababu si rangi peke yake; uhaba wa vipuri na uwezo mdogo wa karakana vilichangia sana. Hata hivyo, kamanda mwenye ndege 100 ambazo 55 tu zinaruka ana ndege 55. Anayetathmini muundo bila kuhesabu mafundi ametathmini nusu.

Wengine wamekata mahali pengine. Su-57 ya Urusi, iliyoruka mara ya kwanza Januari 2010, ilitenganisha injini zake na kuweka tumbo la silaha katikati, ikapata wepesi mkubwa wa kujipinda. Hati ya hataza ya muundo wake ilitaja mwangwi wa wastani, ambao hupimwa kwa eneo, kati ya mita za mraba 0.1 na 1. Ukirudi kwenye kipeuo cha nne utaona hapo ndipo pagumu: gharama ya matumbo ya silaha imeshalipwa, lakini ndege haijafika kwenye sehemu ya mwisho yenye faida kubwa. J-20 ya China imechukua njia nyingine. Ni ndefu, ina nafasi ya mafuta mengi, na umakini wa umbo umeelekezwa zaidi mbele kuliko nyuma. Korea Kusini, kwa KF-21 iliyoruka Julai 2022, imekwenda kwa subira: umbo la kukwepa rada, lakini matoleo ya kwanza yanabeba makombora yaliyozama nusu kwenye tumbo badala ya kufichwa ndani.

Kati ya njia hizi, naona ya J-20 ina mantiki zaidi kwa nchi inayolinda anga yake na bahari iliyo mbele yake. Mwenye bajeti yenye kikomo apunguze pande anazojificha, asipunguze kiwango cha kujificha. Mwangwi ulioshushwa sana kwa mbele unatoa faida kamili dhidi ya anayekuja kwa mbele. Ulioshushwa kiasi pande zote unatoa kidogo kila mahali. Pingamizi lenye nguvu dhidi yangu ni kwamba anayeingia ndani ya nchi ya adui ana rada mbele, kando na nyuma, na hachagui nani amtazame kutoka wapi. Ni kweli. Anayejenga ndege ya kuvamia hana njia ya mkato. Atalipia pande zote, pamoja na mawimbi marefu.

Hilo la mawimbi marefu ndilo linaloeleza kwa nini Desemba 2024 ndege mbili mpya zisizo na mikia zilionekana zikiruka China. Mkia wa wima ni mojawapo ya sehemu zinazoitikia zaidi mawimbi hayo, na kuuondoa kunapunguza pia ukinzani wa hewa. Kinachopotea ni uthabiti wa kuelekeza pua kulia na kushoto, ambao lazima urudishwe kwa vibapa vya mabawa na kompyuta, na kila kibapa kinapofunguka mwangwi unaongezeka kwa muda.

Marekani yenyewe, baada ya kuikabidhi Boeing kazi ya ndege mpya ya kivita, F-47, Machi 2025, ilitangaza umbali wa mapigano (ambao ndege inaweza kwenda kupigana na kurudi) wa zaidi ya maili 1,000 za baharini, sawa na kilomita 1,850 hivi, ikilinganishwa na 590 za F-22 na 670 za F-35A. Hapo wamekiri wapi kizazi kilichopita kilikata vibaya. Lakini umbali huo unahitaji mafuta mengi ndani, na mafuta mengi yanahitaji ndege kubwa na ghali. Idadi iliyotajwa kwenye tangazo hilohilo ni zaidi ya 185, karibu sawa na F-22 zilizojengwa, kwa ajili ya Bahari ya Pasifiki, ambayo ni pana mno kwa idadi hiyo.