Usiniulize Lita Ngapi, Niambie Paja Litatokaje

Jumapili mtu aliweka picha ya shanta lake jipya kwenye grupu letu la wawindaji hapa Colorado. Rangi za majani makavu, mifuko kila upande, zipu hadi mahali pasipo na sababu ya kuwa na zipu. Pongezi zikamiminika. Wa kwanza kuuliza akauliza, "Lita ngapi hiyo?" Akajibiwa 85. Mwingine akaleta picha ya lake la 90. Tukawa mnadani.

Halafu jamaa mmoja akatuma ujumbe wa sauti, anacheka mwanzo hadi mwisho, akisimulia jinsi msimu uliopita mkanda wa shanta lake ulivyochomoka huku elki, yule kulungu mkubwa wa huku, akiwa tayari chini. Wakabeba walichoweza. Paja moja, anasema, "tuliwaachia dubu, na wao wana watoto." Vikatuni vya kucheka hadi machozi vikajaa skrini.

Mimi sikucheka. Nikaanza kuandika jibu, likawa refu, na shemeji yangu aliyemo humo akaniomba nisiwaharibie watu Jumapili yao. Haya, nawaharibia siku nyingine, tena hapa kwangu ambapo hakuna wa kunifuta.

Paja la dume la elki likiwa na mfupa wake linakaribia kilo 30. Mwaka mzima mnalalamika bei ya nyama, mnapigiana simu kuulizana nani anajua shamba la mbuzi huko Greeley, halafu kilo 30 za nyama isiyo na mafuta wala sindano inabaki kwenye theluji kwa sababu ya mkanda. Na mnyama mwenyewe hakukuomba umpige. Umemfuata kwake, umetembea siku tatu kumtafuta, umemwangusha. Kuanzia hapo una deni naye, na deni hilo ni kuitoa nyama yake yote. Hata anayedharau maneno ya namna hii, sheria ya jimbo haidharau: mikono, mapaja, nyama ya mgongo na sarara ni lazima vitoke porini. Ukiondoka na pembe ukaacha mwili, hilo ni kosa zito la jinai. Si mzaha wa dubu na watoto wao.

Ndiyo maana swali la lita linanikera. Lita zinapima unachoingia nacho: hema, mfuko wa kulalia, jiko, chakula cha siku tano. Hivyo hata begi la shule la mwanangu lingevibeba nikivifunga vizuri kwa nje. Kinachopima shanta ni unachotoka nacho.

Tufanye hesabu ambayo hakuna muuza duka atakayekufanyia. Dume aliyekomaa anavuka kilo 300. Ukimchuna, ukamtoa mifupa yote, ukabaki na steki tupu, unaongelea kilo 80 hadi 110 za nyama. Mtu wa kawaida, si wale wa kwenye video, anabeba kilo 25 hivi kwa safari bila kuvunjika goti. Kwa hiyo ni safari nne za nyama, na ya tano ya kambi. Gari likiwa kilomita 5 kutoka alipoanguka, unatoka na mzigo mara tano na kurudi mtupu mara nne. Kilomita 45, juu ya mita 3,000, hewa nyembamba, na miti iliyoanguka ambayo lazima uiruke mmoja mmoja. Ukiwa na mwenzako gawanyeni, bado ni nyingi.

Najua mtu atasema, "Si nitachukua toroli?" Nenda nalo Flat Tops uone. Lile ni eneo la pori linalolindwa na sheria ya maeneo ya pori ya 1964, na ndani yake hakiingii chombo chenye gurudumu, hata kisicho na injini. Farasi na nyumbu ruksa, kama una pesa ya kuwakodi. Wewe mwenye kibali cha kawaida na gari la mkopo, nyumbu ni wewe.

Kwa hiyo fremu kwanza, yaani ule mfupa mgumu wa shanta unaokaa mgongoni. Begi ni gunia tu linaloning'inia kwenye fremu, na ukipenda unaweza kulibadilisha baadaye. Fremu ndiyo inayoamua kama kilo 30 zitakaa nyongani au zitaning'inia mabegani hadi mikono ife ganzi. Jambo hili si jipya. Dick Kelty alianza kuuza mashanta yake ya fremu ya aluminiamu huko California mwaka 1952, mkewe akishona mabegi nyumbani, na inasimuliwa kwamba wazo la kuhamishia uzito nyongani lilikuja milimani, yeye na mwenzake waliposokomeza ncha za fremu ya mbao kwenye mifuko ya nyuma ya suruali wakaona mabega yamepata nafuu. Miaka zaidi ya sabini baadaye bado tunabishana kuhusu mfuko wa kuwekea darubini.

Sasa sikiliza, na hapa naomba utulie kidogo. Fremu nzuri ya nyama ni ngumu kwenda juu. Ukiishika kwa juu na kuikandamiza chini, isijikunje. Inaweza kupinda kidogo kushoto na kulia, hiyo ni sawa, mgongo wako nao unapinda. Na iwe ndefu kupita mabega yako. Kuna vile vikanda vidogo vinavyotoka juu ya bega kwenda kwenye fremu. Ukivaa, ukakaza, vitazame kwenye kioo: viwe vinapanda. Vikiwa vimelala au vinashuka, fremu ni fupi kwako, na mzigo wote utakuvuta nyuma hata kama lebo imeandikwa lita 200. Mashanta mengi ya kutembelea milimani, yale mazuri kabisa, yametengenezwa kwa mzigo wa kilo 18 au 20. Yakifika 35 yanapinda kama ndizi, na mkanda wa kiuno unateleza hadi matakoni.

Halafu pima mgongo, si urefu wa mwili. Inamisha kichwa, tafuta ule mfupa unaotokeza chini ya shingo, pima kutoka hapo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Hiyo ndiyo saizi yako. Watu wawili wa kimo kimoja wanaweza kupishana sana. Nilikwenda duka moja na mume wangu, nikamwambia kijana wa mauzo nataka kupimwa. Akampima mume wangu! Mume wangu, ambaye huko porini hajawahi kwenda wala hana nia, na ambaye kazi yake kwenye elki inaanza pale pilau inapofunuliwa. Mwenye kibali ni mimi, mwenye nyonga ni mimi. Akina dada, msikubali kuambiwa "hii inamfaa kila mtu." Mkanda wa kiuno ulioundwa kwa nyonga nyembamba ya mwanaume utakukata pembeni na kuacha nafasi pale unapotakiwa kushika. Waambie wakupe mkanda mwingine. Kampuni za maana zinauza mikanda kwa saizi.

Kitu kingine cha kutazama ni nafasi ya nyama kati ya fremu na begi. Yale mashanta yaliyotengenezwa na watu wanaowinda kweli yanafunguka: unalegeza klipu, begi linasogea nyuma, unaweka paja likiwa kwenye mfuko wake wa kitambaa moja kwa moja kwenye fremu, karibu na mgongo wako, kisha unakaza begi juu yake. Faida ya kwanza ni uzito kukaa karibu na uti wa mgongo. Wapagazi wa kwetu Kilimanjaro wanaoweka mzigo kichwani wanalijua hili kuliko mhandisi yeyote: uzito ukiwa juu ya mfupa, mfupa unabeba, ukiwa nyuma ya mfupa, unabeba wewe. (Nao angalau wana kikomo cha kilo 20 na mzani getini. Huku hakuna mzani wala geti, kuna ujinga wako tu.) Faida ya pili ni hewa. Nyama iliyo na joto la mwili ukiisokota ndani ya nailoni, joto linakaa kwenye mfupa wa nyonga na paja linaanza kuoza kwa ndani huku nje linang'aa. Unafika nyumbani, unakata, harufu.

Na ukishatoa mifupa, usiitupe steki chini ya begi kama viazi. Nyama isiyo na mfupa haina umbo, inateremka, inakaa matakoni na kukuvuta nyuma kila unapopanda. Weka mfuko wa kulalia chini, nyama juu yake, usawa wa mabega, kaza mpaka isicheze.

Mengine yote ni porojo, nitayapita haraka. Kitambaa: Cordura, ile nailoni nene, inatosha, vitambaa vyepesi vya kisasa vingine vinapiga kelele vikiguswa na tawi. Mifuko: miwili ya mkanda wa kiuno, basi. Mfuko wa maji wenye mrija: ukipenda, ila Oktoba mrija unaganda. Kifuniko cha mvua: kinapayuka kwenye upepo, tia vitu vyako kwenye mfuko mkubwa wa plastiki kwa ndani. Sehemu ya kubebea bunduki: nzuri kwa safari za nyama, ambapo mikono unaihitaji kwa fimbo.

Kuhusu majina, kwa sababu najua mtaniuliza kwenye DM: Stone Glacier na Mystery Ranch wote asili yao ni Montana. Exo wako Boise, Idaho. Seek Outside wako hapa hapa Colorado, Grand Junction, na Kifaru ambao ni wazaliwa wa Colorado pia, jina hilo wameliazima kwetu bila kutupa hata punguzo. Wote hawa wanaanza na fremu ndipo wanaongelea begi. Nani bora? Yule ambaye fremu yake inakukaa. Sina zaidi.

Bei, ndiyo. Hapo sina hoja. Fremu na begi pamoja mara nyingi vinavuka dola 600, na ukimwambia mama kule Moshi kwamba umenunua begi kwa pesa hiyo atauliza kama limekuja na ng'ombe. Nakubali pia, kwa shingo upande, kwamba kuna watu hawahitaji haya yote. Anayewinda mita mia nane kutoka barabarani na vijana watatu wa kumsaidia, abebe hata kwenye kirago. Aliyelipia farasi wa kutoa nyama, anunue shanta la kilo moja na atembee kwa raha. Na wale wa mzigo mwepesi, wanaokata mpini wa mswaki, wana lao: gramu unazopunguza kwenye kambi ni gramu za nyama. Ila wasipunguze kwenye fremu.

Kwa asiye na 600 kuna njia. Tafuta fremu ya zamani ya aluminiamu, ya nje, zile ambazo wazee wa hapa wanazitoa gereji wakihama nyumba. Mbaya wa sura, inalia ikitembea, lakini inabeba paja bila kulalamika. Iache kwenye gari. Ingia na begi lako la kawaida, ukipata mnyama toka na mzigo wa kwanza unaoweza kubebwa na begi hilo, kisha rudi na fremu. Hakuna sheria inayokataza kuwa na vyombo viwili.

Na kabla ya kuondoka, jaribu. Hapa ndipo nawakumbusha wenye picha. Chukua mfuko wa mchele wa pauni 40, ongeza galoni mbili tatu za maji, funga kwenye fremu kama ungefunga paja, panda ngazi za jengo lenu mara nyingi hadi majirani waulize. Wengine wanakwenda Red Rocks asubuhi kupanda zile ngazi za ukumbi wa wazi wa muziki na mashanta yao, na hakuna anayewashangaa. Mkanda kama ni wa kuchomoka, uchomoke hapo, karibu na gari na maji ya kunywa. Shanta la Jumapili lile, la lita 85, mwenyewe akiniruhusu nitakuja na mchele wangu. Halijachelewa kurudishwa dukani kama lebo iko.

Aliyeniuliza rangi: ukiwinda na bunduki sheria inakutaka uvae chungwa au waridi la kung'aa, inchi za mraba 500 juu ya kiuno pamoja na kofia, na shanta kubwa linafunika mgongo wote. Funga kitambaa cha chungwa juu ya shanta, na juu ya nyama pia unapotoka, usije ukadhaniwa ndiye elki. Macho ya jamii ya kulungu hayaioni rangi hiyo kama unavyoiona wewe, wanakunusa kwanza. Kwa hiyo chukua rangi yoyote iliyopunguzwa bei.